Muulize Fundi: Gari litakalolala bandani miezi 18

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Tanga. Mwezi ujao ninasafiri kwenda masomoni kwa miezi 18, na gari langu, Toyota IST ya mwaka 2004 yenye gia otomatiki, litabaki katika banda la nyumbani lenye kuta za tofali na mlango wa mbao, si mbali na bahari. Shemeji yangu ameahidi kuja kila Jumamosi kuliwasha kwa dakika tano ili injini isikauke. Je, hilo linatosha, au kuna mengine ya kufanya kabla sijaondoka?

Msomaji, Tanga

JIBU: Mwalimu, mshukuru shemeji yako kwa moyo wake, kisha umwombe asiliwashe. Petroli inapoungua huzalisha mvuke wa maji, na mvuke huo hutoka wote pale tu injini na bomba la moshi vinapopata joto la kutosha, jambo ambalo kwa dakika tano haliwezekani. Unaobaki hugeuka matone ndani ya eksozi na ndani ya oili. Niliwahi kufungua kifuniko cha oili cha gari lililotunzwa kwa mtindo huo karibu mwaka mzima, nikakuta upande wake wa chini umegandiwa na utando mzito wenye rangi ya tui, na silensa imeliwa na kutu hadi kidole kinapita. Mwenye gari aliniapia kwamba hakukosa hata wiki moja, nami nilimwamini, maana hiyo ndiyo iliyokuwa shida yenyewe. Betri nayo hupata hasara, kwa kuwa stata, mota inayoanzisha injini, hunyonya umeme mwingi kwa mara moja na altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, haiwezi kuurudisha wote kwa muda mfupi kama huo. Halafu kuna jambo zito kuliko gari: moshi wa injini ndani ya banda lililofungwa una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Ikiwa shemeji ana leseni na bima ya gari iko hai, aliendeshe barabarani nusu saa hivi kila baada ya wiki mbili. Kama hawezi, lilale moja kwa moja.

Kwa gari la kulala, anza na oili. Wengi husubiri kubadilisha watakaporudi, lakini oili iliyotumika ina tindikali na unyevu uliotokana na mwako, na vitu hivyo vikikaa miezi 18 juu ya beringi za injini havikai bure. Badilisha oili na chujio lake siku chache kabla ya safari, kisha endesha kidogo ili oili safi ifike kila mahali. Wakati huohuo chungulia rejeta: ukikuta maji ya bomba yenye rangi ya kutu, yamwagwe yote na uweke kulanti, maji maalumu ya kupozea injini.

Kuhusu petroli, mafundi tunatofautiana. Mimi hupendelea tanki lijazwe na kuchanganywa dawa ya kuhifadhi petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, halafu injini iungurume nje ya banda dakika kumi ili mchanganyiko huo ufike hadi kwenye nozeli, vitundu vinavyopulizia mafuta ndani ya injini. Tanki lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu, na kwenu huko unyevu si wa kutafuta. Usipoipata dawa hiyo, acha mafuta kidogo tu, kwani petroli tupu huanza kuharibika ndani ya miezi michache, na utakaporudi itakubidi uimwage. Kwa vyovyote vile, jiko la mkaa na mtungi wa gesi visikae banda moja na gari.

Betri ifunguliwe, waya hasi kwanza, itolewe kabisa na kuwekwa mahali pakavu penye kivuli. Hapa ndipo shemeji apewe kazi: aichaji kila mwezi, asiiache ishuke chini ya volti 12.4, kwani ikizima kabisa na kukaa hivyo kwa miezi, mara nyingi haifufuki.

Sasa breki. Usivute breki ya mkono. Magurudumu ya nyuma ya IST nyingi yana breki za ngoma, na viatu vya breki vikibanwa kwa miezi katika hewa ya chumvi hugandana na ngoma, nawe utakaporudi utalisukuma gari huku gurudumu likiburuzika sakafuni kama sanduku. Weka gia kwenye P, kisha zuia magurudumu mbele na nyuma kwa vipande vya mbao. Tairi zikibeba uzito mahali pamoja muda wote huo hupata ubapa, kwa hiyo bora gari lipandishwe juu ya stendi imara za chuma, si matofali, kwa sababu tofali hupasuka bila kuaga. Kama stendi hazipatikani, ongeza upepo juu ya kiwango cha kawaida bila kuvuka kile cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na kila mwezi shemeji aondoe mbao na kutoa gia kwenye P, alisogeze gari kidogo kwa mkono, kisha avirudishe.

Lioshwe vizuri, hasa chini na ndani ya sehemu zinazofunika magurudumu, kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likauke juani kabla ya kuingia bandani. Ndani usiache hata ganda la karanga, maana panya huja kwa chakula, kisha hubaki kwa ajili ya nyaya. Ziba mdomo wa eksozi kwa steliwuli, na funga utepe mwekundu kwenye usukani ili ukumbuke kuitoa. Vioo viachwe wazi upana wa kidole, na gari lifunikwe kwa shuka la pamba. Turubai la plastiki linanasa jasho, na ukungu utakaoukuta kwenye viti hautatoka kwa sabuni ya kawaida.

SWALI: Gari langu la petroli limekaa gerejini zaidi ya mwaka bila kuandaliwa. Je, niliunganishe na betri ya jirani na kuliwasha?

Msomaji, Morogoro

JIBU: Bado. Fungua boneti uangalie viota vya panya, mikanda iliyopasuka na kiwango cha oili. Nusa tanki, petroli yenye harufu ya vanishi imwagwe kabla haijaingia kwenye nozeli. Betri ichajiwe kwa chaja au ibadilishwe, kwani altaneta haikuundwa kufufua betri iliyokufa. Halafu toa fyuzi ya pampu ya mafuta na upige stata mara mbili, sekunde tano kila mara, ili oili ipande kabla injini haijawaka. Ukirudisha fyuzi na gari kuwaka, litoe nje mara moja, uendeshe taratibu uani na kukanyaga breki mara kadhaa. Mkwaruzo wa mwanzo ni kutu ya disiki na hutoweka baada ya breki chache. Gurudumu moja likitoa joto na harufu ya kuungua kuliko mengine, simama, piga jeki na ulizungushe kwa mkono kabla ya kutoka getini.