Fimbo ya pool ya mtumba: shughulika na tipu kwanza, mbao iache

Wadau wa pool, naona siku hizi watu wengi wanatafuta fimbo zao binafsi badala ya kugombania zile za baa, na wengi wanaangukia kwenye mtumba kwa sababu mpya yenye maana bei yake siyo ya kitoto. Mtumba hauna shida kabisa, mimi mwenyewe nachezea mtumba na ukinipa mpya ya dukani tubadilishane sikubali. Kinachoniuma ni kinachofuata baada ya kununua, mtu akishaishika tu anataka kuimodifai, anaipiga msasa iwe nyembamba, anaikata iwe fupi, anatoboa kitako ajaze madini ya risasi iwe nzito, yaani anaanza na yale mambo ambayo ukishayafanya hayarudi. Ushauri wangu ni kwamba anza na vitu vinavyobadilishika, na katika hivyo chenye faida kuliko vyote ni ile ngozi ndogo ya mbele, tipu.

Ila kwanza jua umenunua nini. Fimbo ya Kimarekani mara nyingi ni mbao ya maple, laini haina mistari mikubwa, mbele ina milimita 12 mpaka 13, jointi, pale vipande viwili vinapoungana, ipo katikati na nyingi zina uzi umezungushwa pale pa kushikia. Imetengenezwa kwa ajili ya mipira mikubwa ya milimita 57. Ya Kiingereza nyingi ni mbao ya ash, ina mistari inayoonekana kabisa kama vichwa vya mishale, mbele ni milimita 8 na nusu mpaka 9 na nusu hivi, ina kikofia cha shaba na jointi unaweza kuikuta karibu na kitako, kwenye robo tatu ya urefu ukipima kutoka mbele. Sasa kama kijiweni kwenu meza ni zile ndogo za koini zenye mipira myekundu na ya njano, mipira ile ina kama milimita 51 na mweupe mara nyingi ni mdogo zaidi kidogo, kwahiyo ukija na tipu ya milimita 13 huoni vizuri unagusa wapi. Hapo ndipo watu wanapochukua msasa, na hapo ndipo nasema acha. Kuchonga shafti, yaani kipande cha mbele, ya 13 ifike 9 siyo kupunguza ncha tu, unaharibu umbo lote lile alilolipanga fundi wa kwanza, fimbo inalegea, ukigonga inatetemeka mkononi, na ile feruli ya plastiki, kikofia cha mbele kinachobeba tipu, inabaki na ukuta mwembamba mpaka inapasuka. Iuze hiyo kwa mtu wa meza kubwa utafute ya ash, utaokoa hela na fimbo itapata mtu wake.

Kupinda nako kuna namna ya kuangalia. Watu wanaibiringisha kwenye meza ikiwa imeungwa halafu basi wanatoa hukumu, wakati tatizo linaweza kuwa jointi tu imeingia vumbi au haijakaza. Ifungue, biringisha shafti peke yake na kitako peke yake, kama kila kipande kiko sawa lakini vikiungwa inaruka, safisha nyuzi za skrubu kwa mswaki mkavu na kitambaa halafu jaribu tena. Shafti yenyewe ikiwa imepinda sana usinunue, usimsikilize anayesema itanyooshwa kwa moto au kwa kuining'iniza na jiwe, mbao inarudi ilipotoka.

Haya, tipu. Kabla ya tipu ya ngozi watu walikuwa wanapiga na mbao tupu, Mfaransa mmoja anaitwa François Mingaud ndiye anayetajwa kuileta ngozi mbele ya fimbo mwanzoni mwa miaka ya 1800, na tangu hapo ndiyo mpira mweupe ukaanza kurudi nyuma na kupinda watu wakashangaa. Chaki inashika kwenye ngozi na ngozi inashika mpira, ndiyo maana fimbo ya mtumba yenye tipu iliyokauka na kung'aa inateleza hata uwe na mkono gani. Mtu anasema fimbo mbaya, kumbe tipu ina miaka haijabadilishwa.

Kuibadilisha ni kazi ya nyumbani, unahitaji wembe mkali, msasa wa kati na msasa laini, supaglu ya jeli siyo ile ya maji, na tipu yenyewe ambayo ni kubwa kidogo kuliko feruli, yaani feruli ya 9 nunua tipu ya 10. Toa ya zamani kwa wembe taratibu kutokea pembeni. Halafu sehemu watu wengi wanayoiruka ni kusawazisha uso wa feruli, weka msasa juu ya kitu bapa kabisa kama kioo au kigae, simamisha fimbo wima na uizungushe bila kuilaza, lengo ni kuondoa gundi ya zamani tu, ukila shaba au plastiki nyingi umezidisha. Piga msasa na chini ya tipu pia. Gundi tone dogo lienee kote, bandika, bana kwa nguvu, halafu iache, kama una mechi usiku fanya kazi hii jana yake. Ikishika geuza fimbo kichwa chini juu ya kipande cha mbao, kata nyama iliyozidi kwa wembe ukifuata ukuta wa feruli, zungushia feruli tepu ili usiikwaruze, kisha msasa laini pembeni, lowesha kidogo kwa maji usugue na karatasi ngumu mpaka pembeni pawe pagumu na pang'ae. Hili la kung'arisha pembeni linazuia tipu kutanuka kama uyoga ikianza kupigwa. Juu ipe mviringo, isiwe bapa. Fimbo nyembamba inataka mviringo zaidi.

Kuhusu aina, Elk Master ya bluu inayotengenezwa na Tweeten wa Chicago ni laini, bei yake ya kawaida na inafaa sana fimbo za Kiingereza, shida yake ni kwamba moja na nyingine kwenye boksi hilohilo hazifanani ugumu. Kuna wachezaji wanaziloweka kwenye maziwa halafu wanazibana kwenye jiliwa mpaka zikauke, zinakuwa ngumu na hazibonyei tena, inafanya kazi kweli wala siyo ushirikina. Zile za matabaka, kama Kamui za Japani, zimetengenezwa kwa ngozi nyembamba zilizogandishwa pamoja, zinatulia umbo muda mrefu ila bei iko juu, na mimi simshauri mtu aanze nazo kabla hajajifunza kubandika, ukikata vibaya umeitupa hela. Kama fimbo yako ilikuja na tipu ya kuskrubu, zile za bei rahisi, peleka kwa fundi wa kukereza atoe ile skrubu aweke feruli ya kudumu, hiyo ni modifikesheni ninayoikubali kwa asilimia zote kwa sababu skrubu ikilegea huwezi kupiga mpira hata mmoja kwa uhakika.

Nikigusia feruli, kuna mtindo wa kuweka feruli ndefu ya shaba kwa ajili ya muonekano. Inapendeza kweli, lakini ukipiga mweupe pembeni, kushoto tuseme, wenyewe hauendi ulikolenga, unasukumwa kidogo kulia, na kinachoongeza huko kusukumwa ni uzito ulioko mbele kabisa ya fimbo. Ndiyo maana kampuni za kutengeneza fimbo kama Predator wamejenga jina kwa kupunguza uzito wa mbele. Kwahiyo ukibadilisha feruli weka fupi na nyepesi, na kwa kanuni za vifaa za WPA, chama cha pool cha dunia, feruli ya chuma haitakiwi izidi sentimita 2 na nusu hivi.

Uzito sasa. Fimbo nyingi ziko kati ya gramu 480 na 600, na sheria inakubali mpaka kama 708. Pima yako kwenye mizani ya dijitali kabla ya kusema ni nyepesi, maana mara nyingi siyo uzito ni mlingano, ilaze juu ya kidole kimoja, ikitulia kwenye sentimita 45 hivi kutoka kitakoni iko kawaida. Nyingi za Kimarekani ukitoa kile kizibo cha raba cha kitakoni ndani kuna bolti ya uzito, unaifungua kwa spana ya L ndefu, unaweka nyepesi au nzito zaidi, usipopenda unarudisha. Za Kiingereza nyingine zina uzi wa skrubu kitakoni wa kufungia kiendelezi cha kurefusha fimbo na unaweza kupachika kitu pale. Kama haina njia hiyo iache ilivyo. Kuna jamaa kijiweni kwetu alipeleka fimbo ya ash safi sana Keko kwa mafundi wa samani itobolewe kitako, fundi akamwambia kabisa "kaka mimi ni wa vitanda, hii mbao ikipasuka usinilaumu," akalazimisha, leo ina ufa mpaka kwenye jointi na kila akigonga inalia.

Kukata urefu sizungumzi sana. Za kawaida zina sentimita 145 mpaka 147, kama baa yenu ukuta uko karibu na meza tafuta fimbo fupi ya pili kwa ajili ya ile kona moja.

Kwa sisi wa pwani jasho na unyevu ndiyo adui. Shafti ikinata mtu anasugua msasa kila wiki, na kila wiki fimbo inapungua. Futa kwa kitambaa chenye unyevunyevu, kausha hapohapo, na ununue glovu ya vidole vitatu, inamaliza habari. Ya ash ikishakauka vizuri ipake mafuta ya linseed (ya mbegu za kitani) kidogo sana kwa kitambaa na ufute yote yaliyobaki, kile kitambaa kianike kimetandazwa nje usikikunje kutupa, mafuta yale yakiwa yanakauka yanapata joto na yanaweza kuwaka moto. Na usiiache kwenye gari mchana, hata kama imo ndani ya begi.

Breki, lile pigo la kwanza la kutawanya mipira, piga na fimbo ya baa. Ile nguvu inabonyeza tipu na kulegeza gundi, na fimbo ya baa kwa breki inatosha kabisa hata kama imepinda kidogo.