Shangazi, mtoto wangu kafa bila ubatizo na sijui tena kama mimi ni Mkatoliki

Dada wa miaka 31 anaishi Kimara, Dar, kaniandikia barua ndefu, naifupisha. Kwao ni Kilema, Moshi, mama yake ni WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), yeye kaimba kwaya tangu kipaimara. Mwezi wa tatu alijifungua mtoto wa miezi saba ameshafariki. Mumewe na wazee wakazika bila sala yeye akiwa bado wodini, alafu mama mmoja wa jumuiya akamwambia asiyebatizwa haingii mbinguni, anabaki limbo, yaani mahali pa pembeni, si mbinguni wala si motoni. Jumuiya hawakuja maana alikuwa na deni la michango. Waliokuja ni walokole wa kazini kwake, wakampikia, wakalala naye, na sasa mtumishi wao anataka abatizwe upya kwa maji mengi na rozari aitupe. "Misani sisikii kitu, kule nalia nafarijika, ila nikifikiria kubatizwa naona namkana mama yangu. Shangazi, mimi ni nani?"

Mwanangu, pole sana. Nakupa pole ya mtoto kwanza, maana kurasa zote umeuliza dini, mtoto umemgusa mistari miwili ukakimbia, na mimi naona shida yenyewe iko hapo.

Huyo mama wa limbo alikosea tena alikosea pabaya. Limbo yalikuwa mawazo ya wanataalimungu wa zamani, Kanisa halijawahi kuifanya imani ya lazima. Katekisimu namba 1261 inasema watoto waliokufa bila ubatizo Kanisa linawakabidhi kwenye huruma ya Mungu, na 2007 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu kule Vatican ilitoa waraka mzima, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ikieleza kwanini tuna tumaini kwamba wanaokolewa. Hata sheria ya Kanisa, kanuni 1183, inamruhusu askofu kukubali mtoto azikwe kwa ibada ya Kanisa kama wazazi walikuwa na nia ya kumbatiza. Na wewe nia ulikuwa nayo, umeniambia kigauni cheupe kiko kabatini bado kwenye mfuko wa dukani na jina ulishachagua. Kwahiyo nenda parokiani, usipitie kwa mwenyekiti wala kwa yule mama, muone padre mwenyewe, omba Misa kwa nia ya mtoto wako na jina lake litajwe, na muulize kama anaweza kuja kubariki kaburi.

Jumuiya walikukosea, waambie wazi. Maaskofu wetu walihimiza jumuiya ndogondogo miaka ya 70 ili watu wajuane nyumba kwa nyumba na anayeumia aonekane mapema, daftari la michango halina kauli kwenye msiba. Na wale walokole usikubali mtu awaseme vibaya mbele yako, walifanya kazi ya Kristo jikoni kwako. Sali nao, lia nao. Ila wema wao huwezi kuulipa kwa ubatizo.

Maana kwetu ubatizo haurudiwi, hata Mlutheri akija Ukatoliki habatizwi tena. Ukiingia yale maji unatamka kwamba ule wa Kilema haukuwa kitu. Siku ukiamini hivyo kwa dhati ni uamuzi wako mtu mzima na mimi sitakulaani, lakini saivi maziwa yamekauka juzi tu, mwili wenyewe bado unatafuta mtoto. Muulize mtumishi kama anaweza kusubiri mwaka, na jibu lake lisikilize vizuri.

Kutosikia kitu Misani kusikutishe. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilizochapishwa 2007 zinaonyesha aliishi karibu miaka 50 hamhisi Mungu kabisa, akaendelea kusali na kuosha wagonjwa, na 2016 katangazwa mtakatifu.

La mama nalo. Wachaga wa kwanza kubatizwa Kilema, miaka ya 1890 huko, waliwaacha wazazi wao kwenye mila za zamani. Yaani Ukatoliki wenu kuna mtu kwenye ukoo aliuchagua akiwa na hofu hiyohiyo uliyonayo. Mama yako hawezi kuamini kwa niaba yako, ukibaki ubaki kwasababu ni imani yako.

Alafu mumeo umemtaja mara moja tu, kwamba alizika. Naye kafiwa, tena yeye ndo kaliona hilo shimo. Muulize leo jioni kaburi liko sehemu gani hasa, akupeleke, na ukirudi niandikie.