Hogo la tatu, mbona kisigino bado kiko juu?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu alizaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuingia ndani, wa kulia. Tunatoka Machame kila wiki kushuka Moshi kufungwa hogo, ile plasta ngumu. Hili ni la tatu. Vidole vimeshaanza kutazama nje, lakini kisigino bado kiko juu. Kwa nini hawausukumi unyayo upande juu? Na kwa nini hogo lifike pajani wakati ubovu uko chini?

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa safari. Kisigino kinaachwa makusudi. Njia hii aliianzisha Dk. Ignacio Ponseti katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na inafuata mpangilio. Kwanza hunyooshwa uvungu wa unyayo, kisha unyayo wote huzungushwa taratibu kuelekea nje, huku dole gumba la mtaalamu likizuia mfupa wa talasi, ule ulio juu ya kisigino, usizunguke nao. Kisigino chenyewe hakishikwi. Hujigeuza kadiri unyayo unavyofunguka. Ukiusukuma juu mapema, unyayo hukunjikia katikati na kubinuka kama kitako cha mtumbwi, na kuurekebisha hapo ni kazi ngumu kuliko mguu kifundo wenyewe. Kwa hiyo mwambieni na bibi asiuvute wakati wa kumkanda mtoto.

Hogo hufika pajani, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90, ili mguu usizunguke na kuharibu kazi ya wiki nzima. Hogo fupi pia huchomoka.

Nisikufiche: baada ya mahogo matano au sita hivi, watoto wengi huhitaji kukatwa mshipa mgumu (kano, si mshipa wa damu) wa nyuma ya kisigino, ili kisigino kishuke. Hutumika ganzi, tundu huwa dogo, na mshipa hujiunga tena ndani ya hogo la mwisho la wiki tatu. Si upasuaji mkubwa wa kufungua unyayo, ila ni haki yako kujua mapema.

Ninachokuomba sana ni viatu vyenye pau, yaani vilivyounganishwa kwa kipande kigumu katikati, vitakavyofuata: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi afike miaka minne. Miguu mingi inayopinda upya ni ya watoto walioviacha kwa sababu mguu umeonekana mzima. Vikimchubua, mleteni mtoto ili fundi avirekebishe, msivivue mkaviacha.

Kwa sasa angalia vidole kila siku. Vikizama ndani ya hogo, limechomoka. Rudini siku hiyohiyo. Vikiwa baridi, vyeupe au vya bluu, msingoje kupambazuke.