Muulize Fundi: Chasisi ipi inaifaa bunduki yangu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina bunduki ya Remington 700 inayopiga risasi za .308, bado iko kwenye kitako cha plastiki ilichotoka nacho kiwandani. Nikiiweka kwenye bipodi, ile miguu miwili ya mbele, na kuiegemea kidogo, kitako kinapinda mpaka kinagusa mtutu, na risasi zinahama. Nataka chasisi ya alumini, ile fremu inayochukua nafasi ya kitako kizima. Mwenzangu wa uwanja wa shabaha anasema ninunue yoyote, zote zinaingiliana. Mwingine anasema bila kumimina gundi ya epoksi kati ya bunduki na chasisi nitakuwa nimetupa pesa. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize hata mmoja, ingawa huyo wa pili ana robo ya haki, nitamfikia.

Chasisi hainunuliwi kwa kuangalia risasi unayopiga. Inanunuliwa kwa umbo la risiva, kile chuma ambacho bolti, komeo linalosukuma risasi na kufunga nyuma ya mtutu, inatembea ndani yake: tumbo lake limekaaje na matundu ya skrubu yako wapi. Hapo una bahati, kwa sababu 700 iko sokoni tangu 1962 na viwanda vingi vimeiiga, kwa hiyo karibu kila mtengeneza chasisi huanza na bunduki yako. Ila kuna risiva fupi na ndefu. .308 yako imo kwenye fupi, wenye .30-06 wako kwenye ndefu. Ukiagiza ndefu, matundu ya skrubu hayatakutana na chochote. Mwenye bunduki ya Tikka T3x au Howa 1500 naye asikuazime chasisi yake, kwani haitaingia hata mkiisomea dua. Bergara B-14 inaingia kwenye chasisi ya 700, lakini hata bunduki za kuiga zinahitaji uangalie kama kitufe cha kutolea bolti ubavuni kina nafasi. Angalia pia unene wa mtutu wako na upana wa mfereji wa chasisi ambamo mtutu utalala. Kama unatumia mkono wa kushoto, sema kabla ya kulipa.

Chasisi nyingi za 700 hutumia magazini ya kuchomoa ya aina ya AICS, ile iliyoanzishwa na Accuracy International wa Uingereza. Maana yake sanduku la ndani la risasi na kile kifuniko cha chini vinabaki mezani. Vifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, uandike juu. Siku ukitaka kuiuza bunduki utanishukuru.

Kuhusu uzito, mimi nina msimamo. Anayepiga akiwa amelala uwanjani, kilo mbili za chasisi zinamsaidia, maana bunduki hairukiruki. Anayepanda mlima kutafuta mnyama na chasisi ya mashindano begani anajiadhibu. Wewe ni wa shabaha, chukua nzito. Kitako kiwe cha kurekebishika pande mbili, urefu hadi begani na kimo cha shavu. Kipime hivi: funga macho, weka shavu unavyojisikia vizuri, kisha fumbua. Usipoona duara kamili la darubini, sogeza kitako, shingo yako iache ilivyo. Na kabla hujaagiza, soma sheria ya mahali ulipo, kwani kwingine kishikio cha bastola au kitako cha kukunja hubadilisha daraja la bunduki.

Sasa kufunga, ambako ndiko watu wanakoharibu. Hakikisha bunduki haina risasi: chungulia chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ingiza na kidole, kisha toa bolti uiweke kando. Lete risiva kwenye chasisi bila skrubu. Ikae imetulia. Ikiyumba kama meza yenye mguu mfupi, simama hapo hapo utafute kinachoizuia, mara nyingi ni triga au bapa la teke.

Bapa la teke ni kile kipande cha chuma kilichobanwa kati ya mtutu na risiva, kinachoning'inia kwa chini. Bunduki inapopiga teke, bapa hilo ndilo linalosukuma chasisi. Likiacha mwanya nyuma yake, risiva inateleza kidogo kila risasi, na kundi la matundu yako kwenye karatasi ya shabaha linatawanyika huku wewe ukilaumu baruti. Kwa hiyo kaza skrubu kwa vidole tu, simamisha bunduki wima, kitako sakafuni na mtutu juu, ugonge kitako chini taratibu mara chache. Uzito wenyewe utalikalisha bapa nyuma. Ikiwa bado wima, kaza ya mbele, kisha ya nyuma, nusu nusu, umalizie kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Kwa chasisi za alumini mara nyingi ni inchi-paundi 65, yaani kama nyutoni-mita (Nm) 7.3. Nimesema inchi. Ukiweka futi-paundi 65 utakata skrubu.

Gundi ya huyo mwenzako sasa. Chasisi nzuri ina kitanda cha umbo la V, na risiva ya mviringo inalala humo bila epoksi. Pima mwenyewe: paka wino wa maka chini ya risiva, funga kwa kipimo, kisha fungua. Wino ukihamia kwenye mistari miwili mirefu, acha hivyo. Ukihamia kwenye kona moja tu, hapo mwenzako ana haki, na epoksi nyembamba itasaidia.

Mwisho pitisha karatasi kati ya mtutu na chasisi hadi karibu na risiva. Isikwame. Kisha nenda ukapige upya sifuri ya darubini, yaani uirekebishe ilenge pale risasi inapoangukia, kwani risasi hazitaangukia pale pa zamani.

SWALI: Fundi, nami nimefunga chasisi kwenye 700 yangu, lakini sasa bolti inakuwa nzito ninapoishusha kufunga. Kwenye kitako cha zamani ilikuwa laini. Nimeiharibu?

JIBU: Hapana, usiilazimishe tu. Legeza skrubu ya mbele mzunguko mmoja, ujaribu tena chemba ikiwa tupu. Ikilainika, skrubu ni ndefu na ncha yake inagusa meno ya bolti. Pengine umetumia skrubu za kitako cha zamani. Rudisha zilizokuja na chasisi. Kama ndizo hizo hizo, zungushia nati kwanza, halafu piga tupa ncha kidogo kidogo ukijaribu kila mara. Ukiitoa nati, itasafisha uzi wa skrubu njiani. Ikiwa kulegeza hakukubadilisha kitu, angalia mkono wa bolti: pengine unagonga ukingo wa chasisi kabla haujafika chini, na utaona alama yake kwenye rangi.