Kwa vijana mnaoanza ukalimani na askari wa kigeni Lamu

Kikosi kipya cha Wamarekani kikiingia kambi ya Simba kule Manda Bay, vijana wetu wawili watatu hupata kazi ya kuwatafsiria na kuwapeleka vijijini. Mwanzo mtadhani kazi yenyewe ni Kiingereza. Hicho ndicho chepesi. Kizito ni kwamba askari huyo yuko hapa kwa miezi tu, na kijiji mnachompeleka kinakumbuka mambo ya miaka sitini.

Chukueni Waboni, watu wa msitu wa Boni, au Waaweer kama wanavyojiita wenyewe. Wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini mashariki ijitenge na Kenya, miaka ya 1960, serikali iliwatoa msituni ikawakusanya kandokando ya barabara ya kwenda Kiunga. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima, nao riziki yao ilikuwa mawindo na asali. Septemba 2015 ikaja Operesheni Linda Boni, ya vyombo vya usalama kuwasaka al-Shabaab, na kuingia msituni kukawa kwa hofu. Sasa askari mgeni anateremka Basuba au Mangai, vijiji vyao, anatoa daftari, anauliza watu hupita wapi wakienda kurina asali, na nani kaonekana wiki hii. Kwake ni maswali ya kazi. Mzee aliyeketi mbele yake anajua kwamba walioulizia njia za msitu kabla yake hawakumletea heri. Tena kuna wengine, hao al-Shabaab, wanaokuja usiku na bunduki zao wakitaka unga. Ukiwapa, kesho askari wanakuuliza kwa nini. Ukiwanyima, usiku huo huna wa kukulinda. Mgeni akiona watu wamenyamaza huandika kwamba wanaficha jambo. Mwelezeni hayo mapema, mkiwa bado kambini, si mbele ya watu.

Kwa sababu hiyo hiyo, msikubali mwanakijiji aitwe kando peke yake. Akionekana anazungumza na askari chini ya mwembe, hata kama aliulizwa habari za mbuzi wake, jina lake litafika mbali kabla ya magharibi. Zungumzeni na wazee kwa pamoja, hadharani, chifu akiwepo. Tangu al-Shabaab waliposhambulia Manda Bay Januari 5, 2020, walipouawa Wamarekani watatu, jicho la shaka limezidi pande zote, na anayeumia kwanza ni mwanakijiji.

Kwa Wabajuni, watu wa visiwani, kuanzia Faza na Kizingitini hadi Kiwayu, mtihani ni mwingine: ukarimu. Mgeni atapewa kahawa na tende, atachekewa, na kila analopendekeza ataambiwa ni zuri. Anarudi kambini anaandika kwamba kijiji kimekubali. Wapi! Amestahiwa tu. Jibu lenyewe hupatikana siku ya pili au ya tatu, barazani baada ya alasiri, yeye hayupo. Mwambieni asiandike kitu mpaka siku hizo zipite.

Nilikuwepo mhandisi mmoja wa kijeshi alipoeleza mpango wa kisima kirefu, na michoro yake ilikuwa safi kabisa. Mzee mmoja akamtuma mjukuu alete vikombe viwili: kimoja maji ya kisima kifupi nyuma ya msikiti, kingine ya kisima cha mashine walichoacha wafadhili wa zamani. Mhandisi akanywa cha kwanza. Cha pili alikitema pembeni. Visiwani kwetu maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukichimba mno au ukivuta kwa pampu kubwa, chumvi inapanda. Mzee hakubishana hata neno moja. Mwishowe kilichokarabatiwa ni jabia, ile sakafu ya kukingia mvua na birika lake. Hata hapo wanaume waliojaa barazani hawakujua ufunguo wa jabia uko kwa nani. Wanawake ndio wateka maji na ndio wanaojua birika hukauka mwezi gani, lakini hawatakuja kuketi mbele ya bunduki. Kikosi kikiwa na askari wa kike, aingie ndani pamoja na mkalimani wa kike. Dada zetu mliosoma, hapa mnahitajika kuliko sisi.

Mengine mnayajua, wakumbusheni tu: miwani myeusi ivuliwe wakati wa salamu, wanawake wasipigwe picha, Ijumaa mchana msiende, na ratiba ya boti ifuate maji kujaa na kupwa, si saa ya mkononi. Hili la boti hawalisikii mpaka wakwame matopeni mara moja.

Linaloniudhi mimi ni swali lao la "mnahitaji nini?" Watu watataja zahanati, ukuta wa kuzuia bahari, marufuku ya kuvua usiku iliyowaumiza miaka ile, fidia ya bandari ya Lamu. Mengi ya hayo si ya askari mgeni wala hana amri nayo, lakini ukishaulizwa na mwenye helikopta utaamini unapewa. Msilitafsiri swali hilo kabla hajasema mwenyewe, hapohapo, anachoweza na asichoweza. Akikataa, mwambieni mtasubiri.

Maana yeye ataondoka, na watakaokutwa na wazee kwenye gati ya Mokowe ni nyinyi. Wiki za mwisho za kikosi, ombeni anayeondoka na anayeingia waende pamoja mbele ya chifu na wazee, lisomwe lililokwisha na lililobaki. Wakisema hawana nafasi, pandeni boti wenyewe mkawaambie watu kazi imeishia wapi, kabla hawajaanza kuulizana.