Solo Ndefu, Kiitikio Kimepotea: Maswali ya Bendi

Mpiga gitaa wetu ni fundi kwelikweli na kila wimbo una solo mbili, lakini watu wakiondoka hawakumbuki hata kiitikio. Tufanyeje? (Bendi ya roki, Jinja)

Pigeni hesabu. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, fungu la mapigo manne huchukua sekunde 2, kwa hiyo solo ya mafungu 32 inapita dakika nzima. Mbili zikipita, kiitikio kitarudi saa ngapi? Bakisheni moja ya mafungu 8. Aianze kwa noti tatu nne za kiitikio chenyewe, ndipo aachie vidole.

Kisha imbeni wimbo wote kwa gitaa kavu moja na sauti, mrekodi kwa simu, msikilize kesho yake. Pale mnapotamani kuruka mbele ndipo penye kasoro. Mara nyingi ni ubeti wa pili unaorudia habari za ule wa kwanza. Umeme ukikatika mazoezini, msikae bure: fanyeni jaribio hili.

Tuna magitaa mawili na maneno ya mwimbaji hayasikiki. (Mbale)

Msikimbilie kuongeza sauti ya maikrofoni, itapiga mluzi. Magitaa yenu yanapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) zilezile mahali palepale, tena kwa mkwaruzo mwingi, yaani ile sauti chafu ya gitaa la umeme (distortion), na mkwaruzo hujaa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 4,000, ambako maneno hueleweka. Kwenye ubeti punguzeni mkwaruzo. Mmoja abaki na kodi za chini, mwenzake apande juu ya freti (kijiti cha chuma shingoni mwa gitaa) ya 7 na noti mbili tu, ajibu pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Wimbo wetu wa mapigo saba unawachanganya wasikilizaji. Tuuache? (Kampala)

Hapana, ni wimbo halali kabisa. Uhesabuni nne na tatu: drumu la mguu kwenye 1, sneya (drumu dogo la mlio mkali) kwenye 5, kila mzunguko bila kubadilika. Sentensi ya mwimbaji ivuke mizunguko miwili, yaani mapigo 14; akikata kila baada ya saba, msikilizaji anajikwaa. Kiitikio kirudi kwenye mapigo manne.

Mkitaka ugumu usioumiza sikio, jifunzeni kwa amadinda, marimba ya Buganda, yenye mbao 12. Wapigaji wawili wanakabiliana, kila mmoja akijaza nafasi aliyoacha mwenzake, na wa tatu ana mbao mbili tu za sauti ya juu. Sehemu ya kila mmoja ni mapigo yaliyopangana sawasawa; utamu unazaliwa zikikutana. Magitaa mawili yanaweza: la kwanza noti ya 1, 3, 5, 7, la pili 2, 4, 6, 8. Wa pili huteleza akajikuta juu ya mwenzake, kwa hiyo anzeni na mapigo 60, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikimfuata wa kwanza peke yake. Mkipita mara tatu bila kosa, ongezeni 5.

Tuchague ufunguo upi, yaani wimbo uanzie sauti ya juu au ya chini kiasi gani? (Gulu)

Ule wa mwimbaji. Tafuteni noti ya juu kabisa anayoweza kuishikilia sekunde 10 bila kukaza shingo. Kilele cha kiitikio kiishie hapo. Wimbo ukimlemea, legezeni nyuzi zote, besi pia, kwa nusu toni. Kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) haitawasaidia, maana yenyewe hupandisha tu.