Luteni Smith aliyefia Ukerewe

Mwanangu,

Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu. Umeniuliza ilikuwaje luteni wa jeshi la wanamaji la Uingereza akaja kufia Ukerewe, wakati manowari zao zilikuwa baharini. Alipokufa uluteni alikuwa ameshauacha.

George Shergold Smith alikuwa katika vita vya Waashanti, Ghana ya leo, mwaka 1873 na 1874. Huko homa ikamharibu macho. Akaacha jeshi, akaenda kusomea uchungaji. Mwishoni mwa 1875 gazeti moja la London likachapa barua ya Stanley, yule mpelelezi na mwandishi wa habari, kwamba Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, anataka walimu wa dini. CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, likaanza kutafuta watu, Smith akajitolea, akapewa uongozi wa msafara. Mimi nadhani walimpendea ubaharia wake, maana safari ya Ziwa Victoria inataka mtu wa vyombo. Mashua yao, Daisy, ilitoka pwani vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Hebu fikiria kubeba mbavu za mashua kukatiza Ugogo!

Waliiunga Kageye, huko Magu. Njiani kwenda Buganda wakatua kisiwa cha Ukara, wakapokewa kwa mawe na mishale. Jiwe likavunja miwani ya Smith, kigae kikamwingia jichoni. Mwenzake Wilson alipigwa mshale wa sumu, na Smith, na jicho lake hilo, ndiye aliyeifyonza sumu kwenye jeraha. Juni 1877 wakafika Rubaga, mji wa Mutesa.

Smith hakukaa. Alirudi kusini kwa O'Neill, mwenzao wa msafara, aliyekuwa amenunua jahazi ambalo mfanyabiashara Songoro alikuwa akiliunda Ukerewe. Desemba, ugomvi wa Songoro na Omukama Lukonge, mtawala wa Ukerewe, ukalipuka. Songoro akawakimbilia Wazungu. Lukonge akamdai, Smith akakataa kumtoa. Wakauawa Smith, O'Neill, Songoro na wengi wa watu wao.

Usiwasikilize wanaomwita Lukonge katili tu. Mtawala gani angekubali wageni wamfichie adui ndani ya nchi yake? Lakini na Smith simlaumu. Mtu kakukimbilia roho mkononi, unamsukumaje nje? Kosa ni kuingia kwenye biashara ya jahazi bila kuuliza mwenye nchi na muuzaji wanaishije.

Mackay, mmisionari mwingine wa CMS, alilielewa hilo. Mwaka uliofuata alivuka kwenda kwa Lukonge bila silaha, wakazungumza, wakapatana.

Mama yako